Kiwanja Kipya Hupima Umoja wa Timu

Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa tawi katika mkutano wa Jumapili. Yamepigwa chapa kwa ajili ya wanachama waliokuwa zamu siku hiyo.



Halmashauri ya tawi imetuomba sisi tunaoitunza timu ya mpira tuseme machache juu ya kiwanja kipya. Habari yake kila mtu anaijua. Kiwanja cha zamani, kile cha changarawe nyuma ya karakana, tutakiacha. Kipya kina nyasi, kina jukwaa lenye paa, kina vyumba vya kubadilishia nguo na maji ya kuoga. Tumekililia miaka mingi, na sasa kimekaribia kwisha.

Lakini kabla mpira haujapigwa teke hata moja pale, maneno yameanza. Wengine wanauliza, ni nani atakayekaa chini ya paa? Wengine wanasema kiwanja kizuri namna hii hakifai kuchezewa na mafundi wenye grisi mikononi, afadhali watafutwe wachezaji wa kukodi. Wengine wanauliza ni nani atakayeshika ufunguo wa lango na fedha za mlangoni. Na wachezaji wenyewe, waliozoea kula sahani moja, sasa wanakaa makundi mawili, wanaotaka kuhama huku na wasiotaka kule. Juma lililopita watu sita hawakuja mazoezini, na hakuna aliyekuwa mgonjwa.

Ndugu zetu, hili si jambo la mchezo tu. Timu hii ndiyo mahali pekee ambapo mtu wa njia na karani wa ofisi hujuana kwa jina. Ikivunjika, tawi nalo litaumia.

Basi tunataka kusema jambo moja, nalo ni hili. Kiwanja kipya hakiwezi kuwapa watu umoja, wala peke yake hakiwezi kuwanyang'anya. Kazi yake ni kuupima. Kila mtu wa karakana anajua behewa bovu linavyojulikana. Likisimama tupu relini linapendeza macho. Lipakie mzigo, ndipo utakapoona fremu yake ina ufa au haina. Kiwanja kipya ni mzigo wa namna hiyo. Kinakuja na fedha, na madeni, na viti vya juu na vya chini, na watu wapya. Kama timu ina ufa, utaonekana.

Ili tusiseme maneno matupu, tutatoa mfano wa timu iliyoanzishwa na watu wa reli kama sisi.

Mwaka 1878, huko Newton Heath, mtaa wa mji wa Manchester nchini Uingereza, wafanyakazi wa idara ya mabehewa ya Lancashire and Yorkshire Railway walianzisha timu ya mpira. Rangi zao zilikuwa kijani na dhahabu. Walicheza na idara nyingine za reli, kisha na timu za nje. Kiwanja chao katika North Road kilikuwa kibaya sana, upande mmoja mawe, upande mwingine matope. Chumba cha kubadilishia nguo hakikuwapo, wakabadilishia katika baa iliyokuwa mbali na kiwanja. Walipotaka wachezaji hodari kutoka Wales, waliwapa kazi relini, ili mgeni afanye kazi karibu na mwenyeji na kucheza karibu naye.

Hatuwaambii haya ili mkipende kiwanja kibovu. Mawe ni mawe, na mguu uliovunjika hauponi kwa sababu ya urafiki. Wale watu wenyewe hawakuyapenda matope yao. Mwaka 1893 wakahamia Bank Street, mtaa wa Clayton, mahali palipokuwa na moshi wa viwanda vya madawa. Mwaka 1902 timu ikashindwa na madeni. Ilidaiwa pauni 2,670, ikawa karibu kufungwa kwa amri ya mahakama. Kapteni wao, Harry Stafford, akawapata matajiri wanne walio tayari kutoa fedha. Mmoja wao alikuwa John Henry Davies, mwenye kiwanda cha bia. Jina likabadilishwa. Timu ya watu wa mabehewa ikaitwa Manchester United, jina ambalo kila mtoto wa Kenya analijua leo.

Sasa sikilizeni jambo ambalo watoto hao hawalijui.

Timu hiyo ilipata ushindi wa Ligi mwaka 1908, na Kombe la FA mwezi wa Aprili 1909. Lakini wachezaji hawakulipwa kama washindi. Tangu mwaka 1901 sheria ya mpira wa Uingereza ilisema hakuna mchezaji kulipwa zaidi ya pauni 4 kwa juma, hata kama watu maelfu wanalipa mlangoni ili kumtazama. Tena hakuweza kuhamia timu nyingine bila ruhusa ya tajiri wake. Kwa hiyo tarehe 2 Desemba 1907 wachezaji walikutana hotelini Manchester wakaanzisha Chama cha Wachezaji. Mbele kabisa alikuwa Billy Meredith, winga wa kulia, ambaye katika ujana wake alifanya kazi katika mgodi wa makaa huko Wales. Pamoja naye alikuwa kapteni Charlie Roberts, aliyecheza senta hafu.

Wakubwa wa mpira hawakuipenda habari hiyo, hasa waliposikia kwamba chama kinataka kuungana na vyama vingine vya wafanyakazi. Mwaka 1909 wakatoa amri kwamba kila mchezaji aache chama, la sivyo hatacheza. Timu nyingi zikaogopa, wachezaji wakatia sahihi moja moja. Wa Manchester United wakakataa. Wakafungiwa, mshahara ukakatwa, mlango wa kiwanja chao ukawa umefungwa kwao. Wakaenda kufanya mazoezi mahali pengine, na siku moja wakapiga picha pamoja, wameshika ubao ulioandikwa kwamba wao ni timu ya watengwa. Tim Coleman wa Everton akaja kusimama nao, ingawa hakuwa wa timu yao.

Ndugu, tazameni vizuri. Wakati ule hawakuwa na kiwanja hata kimoja walichoweza kukiita chao. Mshahara hawakuwa nao. Lakini umoja ulikuwapo. Na mwisho wa Agosti 1909, siku ligi ilipokuwa inataka kuanza, wakubwa wakalegeza kamba. Wachezaji wakaruhusiwa kubaki katika chama chao. Si kila kitu walikipata. Kuungana na vyama vingine kuliachwa, na kile kizuizi cha mshahara hakikuondolewa mpaka mwaka 1961. Lakini chama kilisimama, na kinasimama hata leo.

Miezi michache baadaye, timu hiyo hiyo ilipewa uwanja mpya. Davies alitoa fedha, karibu pauni 60,000, ambazo siku hizo zilikuwa mali kubwa mno. Mchoraji alikuwa Archibald Leitch wa Scotland. Shauri la kwanza lilikuwa uwanja wa watu 100,000, lakini gharama zikazidi, wakapunguza mpaka 80,000. Mahali penyewe palikuwa Old Trafford, upande mwingine kabisa wa mji, mbali na Newton Heath. Ndani mlikuwa na chumba cha mazoezi, chumba cha kukanda misuli, na birika la kuoga. Jukwaa moja lilikuwa na paa na viti. Pande nyingine watu walisimama juani na mvuani. Tarehe 19 Februari 1910 walicheza mara ya kwanza pale na Liverpool. Walitangulia kufunga, lakini wakashindwa 4 kwa 3.

Mwaka uliofuata, 1911, wakachukua Ligi tena, wakimaliza kwa kuwafunga Sunderland 5 kwa 1 katika uwanja huo mpya. Mtu angeweza kusema, mnaona, uwanja mzuri umeleta ushindi. Sisi tunasema watu wale waliingia uwanjani wakiwa wamekwisha kufungamana. Walikuwa wamelala njaa pamoja kabla ya kuoga maji ya moto pamoja.

Lakini je, baada yao? Hapa ndipo penye fundisho. Meneja, Ernest Mangnall, aliondoka mwaka 1912 akaenda Manchester City, wapinzani wa mji ule ule. Charlie Roberts, kapteni aliyewaongoza siku za taabu, aliuzwa mwaka 1913 kwa Oldham. Wale waliojuana wakapungua mmoja mmoja, na uwanja mkubwa ukabaki na gharama zake. Mwaka 1915, siku ya Ijumaa Kuu, vita vikiwa vimekwisha kuanza na wachezaji hawajui mshahara wao utatoka wapi mwaka ujao, baadhi yao walipatana na baadhi ya wachezaji wa Liverpool wauze mchezo ili wapate fedha za kamari. Matokeo yalikuwa 2 kwa 0, kama walivyopatana. Ilipojulikana, watatu wa Manchester United walifungiwa maisha. Mmoja wao alikuwa Sandy Turnbull. Huyu ndiye aliyefunga bao la Kombe mwaka 1909, ndiye aliyefunga bao la kwanza la timu yake katika Old Trafford, naye alikuwa mmoja wa wale watengwa. Aliuawa vitani Ufaransa mwaka 1917.

Hatusemi kwamba uwanja ulimfanya auze mchezo. La. Tunasema paa na birika la kuoga havikumzuia. Kilichomshika mwaka 1909 kilikuwa mkono wa mwenzake begani. Mwaka 1915 mkono ule haukuwapo.

Ligi haikurudi Old Trafford mpaka mwaka 1952. Miaka 41, ndugu zetu! Katika msimu wa 1930 hadi 1931 timu ilishindwa michezo yake 12 ya kwanza mfululizo, mashabiki wakafanya mikutano ya kulalamika na kutaka watu wasiende uwanjani. Siku ya mwisho ya msimu ule, katika uwanja uliojengwa kwa watu 80,000, waliingia watu 3,969. Desemba 1931 mishahara ya wachezaji haikuwapo, na Krismasi inakuja. Akatokea mfanyabiashara James Gibson akailipa. Katika siku zake, mwaka 1935, stesheni ndogo ya reli ikafunguliwa ubavuni mwa uwanja, ili watazamaji washuke penye lango. Basi hata hapo reli ilirudi kuwasaidia.

Kisha vikaja vita vya pili. Usiku wa tarehe 11 Machi 1941 ndege za Ujerumani zililiangusha bomu Old Trafford, jukwaa kuu likabomoka. Timu ikakaa bila nyumba. Miaka minane ilikaa kama mpangaji, ikicheza katika Maine Road, kiwanja cha Manchester City. Na katika miaka hiyo ya kukodi chumba ndipo walipoinuka. Meneja mpya Matt Busby alianza kazi mwaka 1945. Yeye alivaa nguo za michezo akafanya mazoezi pamoja na vijana wake, jambo ambalo mameneja wengi wa siku zile hawakulifanya, maana walikaa ofisini. Mwaka 1948 wakachukua Kombe la FA, wakiwafunga Blackpool 4 kwa 2. Hawakuwa na uwanja wao wenyewe! Walirudi Old Trafford Agosti 1949 wakiwa tayari ni timu.

Sasa wekeni mambo hayo bega kwa bega. Mwaka 1909 hawana kiwanja, wana umoja. Mwaka 1931 wana uwanja wa watu 80,000, hawana umoja. Mwaka 1948 hawana uwanja, wana umoja na Kombe juu yake. Mtu aliyesoma hata darasa chache kama sisi anaweza kuipiga hesabu hiyo.

Labda mtu atasema hayo ni mambo ya kale. Basi tuchukue mfano wa juzi, nao pia ni wa wafanyakazi.

Katika London ya mashariki palikuwa na kiwanda cha meli, Thames Ironworks. Mwaka 1895 wafanyakazi wake walianzisha timu. Mwenye kiwanda, Arnold Hills, aliwajengea kiwanja kikubwa mwaka 1897, nacho kilikuwa na njia ya kukimbilia na njia ya baiskeli kukizunguka. Mwaka 1900 timu ikaitwa West Ham United. Mwaka 1904 ikahamia Upton Park, katika kiwanja kilichoitwa Boleyn, ikakaa pale miaka 112. Alama yake mpaka leo ni nyundo mbili zilizopishana, nyundo za kupigia ribiti kwenye mabati ya meli. Wenzetu wa kazi ya bamba pale karakana wanazijua nyundo hizo.

Boleyn kilikuwa kiwanja cha watu karibu 35,000, kimebanwa na nyumba. Mtazamaji alikaa karibu na mstari hata winga alimsikia akimwita. Mtu alijua kiti cha baba yake, na baa ya kukutania, na duka la chakula la kabla ya mchezo. Mwaka 2016 timu ikahamia Stratford, katika uwanja uliojengwa kwa michezo ya Olimpiki ya mwaka 2012. Wamepangishwa kwa miaka 99. Ni uwanja wa watu karibu mara mbili ya Boleyn. Lakini ulijengwa kwa wakimbiaji, kwa hiyo viti viko mbali na mpira, kama katika kiwanja kile cha Hills cha mwaka 1897.

Likatokea nini? Mashabiki waliokaa pamoja miaka 30 walitawanywa viti mbalimbali. Katika viti vipya mmoja alitaka kusimama na kuimba kama alivyozoea Boleyn, na nyuma yake ameketi mtu aliyekuja na watoto, asiyeweza kuona. Wakagombana wenyewe kwa wenyewe, watu wa rangi moja, katika michezo ya kwanza tu. Januari 2017 mchezaji wao hodari kuliko wote, Dimitri Payet, alimwambia meneja hataki kucheza tena, akauzwa Marseille. Tarehe 10 Machi 2018, wakifungwa na Burnley 3 kwa 0, mashabiki waliingia uwanjani. Kapteni Mark Noble, mwana wa mitaa ile ile, akashikana mwili na shabiki wa timu yake mwenyewe. Wengine wakajaa chini ya viti vya wenye timu wakipiga kelele. Walisema waliahidiwa timu kubwa kwa sababu ya uwanja mkubwa, nao wameona uwanja tu.

Lakini tuseme haki yote. Timu ile haikufa. Polepole watu walizoea. Machi 2022 waliwafunga Sevilla wa Hispania 2 kwa 0 katika uwanja huo, na waliokuwapo walisema kwa mara ya kwanza pamekuwa nyumbani. Tarehe 7 Juni 2023, huko Prague, waliwafunga Fiorentina 2 kwa 1 wakachukua kombe la Ulaya, kombe kubwa la kwanza tangu mwaka 1980. Noble alikuwa amekwisha kustaafu kucheza. Basi mtu anaweza kuhama na akafika. Lakini waliochukua miaka saba kufika wangeweza kufika mapema, kama kabla ya kuhama wangaliulizwa ni nani anayetaka kukaa na nani.

Na Old Trafford je? Machi 2025 wenye timu walitangaza shauri la kujenga uwanja mpya wa watu 100,000, kwa gharama ya karibu pauni bilioni 2. Sisi tuliposikia habari hiyo hatukutazama picha za paa lake. Tulitazama habari nyingine ya miezi ile ile. Wafanyakazi 250 wa timu ile walipunguzwa kazini mwaka 2024, na Februari 2025 ikatangazwa kwamba wengine hata 200 huenda wakafuata, na chakula cha mchana cha bure cha wafanyakazi wa Old Trafford kitaondolewa. Tumbo la mfagiaji linafungwa, na mwezi uliofuata uwanja wa bilioni unatangazwa. Wenye timu wana hesabu zao, na wanasema timu ilikuwa ikipata hasara. Lakini sisi watu wa chama tunauliza: umoja wa uwanja mpya utaanzia wapi, ikiwa apikaye na afagiaye hawamo?

Basi turudi kwetu. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Lakini pia walisema, nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Sisi tunashika yote mawili. Kiwanja kipya tukipokee, maana tulikililia. Tena tusikipokee kama watu waliolewa. Tunaweka mbele yenu mashauri sita, myapime.

La kwanza, viti. Chini ya paa wakae kwanza wazee wetu waliostaafu, akina mama wenye watoto, na walemavu. Vinavyobaki, afikaye kwanza akae kwanza. Pasiwe na kiti cha cheo. Mkubwa wa idara akitaka kivuli, na aje mapema. Kama tukianza kugawa paa kwa ngazi za mshahara, mtu wa njia atasimama mvuani akimtazama karani mkavu, na Jumatatu watakutana kazini wakiwa si ndugu.

La pili, fedha za mlangoni. Zihesabiwe na watu watatu, mmoja wa karakana, mmoja wa njia, mmoja wa ofisi. Kila mwezi hesabu ibandikwe penye ubao wa matangazo, shilingi kwa shilingi. Fitina nyingi huzaliwa mahali pasipo na karatasi.

La tatu, deni. Tusikope kwa ajili ya mapambo. Mmeona mpango wa watu 100,000 ulivyopunguzwa, na hata hivyo mzigo ukabaki. Timu yenye deni huuza kapteni wake. Taa na rangi vinaweza kungoja.

La nne, wachezaji wa nje. Hatuwakatai. Hata watu wa Newton Heath waliwaita watu wa Wales. Lakini aliyekuja alifanya kazi nao. Kijana wa nje akija kwetu afanye mazoezi yote, ale chakula kile kile, apate posho ile ile, na asichukue nafasi ya mtu kwa barua ya mkubwa. Tena asiulizwe kabila lake. Aulizwe kama anakaba.

La tano, zamu na umbali. Kiwanja kipya kiko mbali na nyumba za wafanyakazi wengi. Mtu anayetoka zamu ya usiku hawezi kutembea mwendo ule. Tuombe gari la kuwachukua watu, na michezo ipangwe kwa kutazama orodha ya zamu. Mliona ile stesheni ya mwaka 1935. Kiwanja kisichofikika ni cha wenye magari.

La sita, wafanyakazi wa kiwanja chenyewe. Watakaokata nyasi, kuosha vyoo na kulinda lango waandikwe kwa barua, walipwe ujira wa haki, na wajiunge na chama. Itakuwa aibu kwa tawi la chama cha wafanyakazi kucheza mpira juu ya jasho la kibarua asiyelipwa.

Na kile kiwanja cha changarawe? Tusikiache kiwe jalala. Kibaki cha watoto wetu, na timu kubwa ifanye mazoezi pale mara moja kwa juma, ili isisahau mawe.

Sasa neno kwa wachezaji, maana wapo hapa, tunawaona nyuma pale mmekaa makundi mawili. Ninyi mnaosema tusihame, tunajua mnaogopa kusahauliwa. Ninyi mnaosema tuhame upesi, tunajua mmechoka kuumia. Wote mna haki. Lakini Jumatano mazoezi ni saa kumi na moja, na tunataka watu wote. Mtakaposhindana, shindaneni kwa maneno mbele ya halmashauri, si kwa kukaa nyumbani. Vita vya panzi ni furaha ya kunguru, na kunguru wapo. Wapo wanaotaka kusema kwamba wafanyakazi hawawezi kutunza kitu kizuri.

Bwana Mwenyekiti, tunaomba mashauri haya sita yapigiwe kura leo, moja moja, kabla ya lango jipya kufunguliwa. Likifunguliwa kwanza, tutakuwa tumechelewa, maana kila mtu atakuwa amekwisha kuchagua kiti chake.

Hayo ndiyo maneno yetu.